Yamaha PSR-SX900: ya harusini na ya studio kwa pamoja

Nimepiga kinanda hiki kanisani, kwenye harusi na nyumbani nikitunga, na bado nakipenda sana. Kina funguo 61, uzito kilo 11.5, yaani unakibeba mwenyewe hata kwenye bajaji. Kilichoniteka ni zile batani 10 za rejista, unapanga sauti, midundo na tempo ya kila wimbo mapema, mwimbaji akibadilisha wimbo ghafla unabonyeza mara moja tu, na akianza kwa kii yake mwenyewe transpozi, yaani batani za kupandisha au kushusha kii nzima, ipo hapohapo.

Wapiga taarab nao wasikipite, kuna sehemu ya kushusha noti mojamoja robo toni (nusu ya nusu toni) ukapata ile ladha ya Kiarabu, hapo ndo vinanda vingi vya bei rahisi vinakwama kabisa.

Mafundi mitambo watafurahi, mbali na auti za kawaida (matundu ya kutolea sauti) kuna auti za ziada, ngoma unazipeleka laini yake na fundi anazimiksi anavyotaka. Studio unachomeka waya wa USB kwenye kompyuta unarekodi midi (data za noti unazopiga, siyo sauti yenyewe), au unarekodi wimbo mzima kwenye flashi, freshi tu.

Ila kama umelelewa na piano, funguo zake ni nyepesi, hazina ule uzito, nenda kajaribu kwanza dukani kwa mikono yako. Halafu hakitumii betri, mtaa wenu ukikatika umeme tafuta jenereta mapema, na rejista zako zote weka kopi kwenye flashi.