Mtihani wa "Mimi si roboti": nyota mbili, na ya pili nimeitoa kwa shingo upande

Nina mtoto wa jicho, na miwani imefika mwisho wa uwezo wake. Isome ukilijua hilo hakiki hii ya mitihani ambayo tovuti hutupa ili zijue kama sisi ni watu au mashine.

Nyota ya kwanza ni ya kile kisanduku cha kutia tiki kilichoanza kuonekana mitandaoni mwaka 2014. Unagusa, kinazunguka kidogo, unapita. Kumbe hakipimi tiki yenyewe tu, kinatazama na mwenendo wako kabla hujaigusa. Sawa, nitazame, mradi nipite.

Kisiporidhika ndipo balaa huanza. Zinamiminika picha tisa za barabara, zimefifia kama zimepigwa kupitia kioo chenye mvua: chagua zote zenye taa za kuongozea magari. Je, mlingoti nao ni taa? Na ule ukingo uliochungulia kwenye mraba wa jirani? Wenye macho mazima wenyewe hubishana. Ukikosa, unaletewa baiskeli. Ukikosa tena, yale mabomba ya zimamoto ya mitaa ya Marekani, ambayo nisingeyajua kabisa kama si mitihani hii.

Kwa sisi wasioona vizuri wameweka kitufe cha sauti. Nilikibonyeza nikifungua akaunti kwenye tovuti moja (jina naliacha), ikanijia sauti ya Kiingereza iliyozama kwenye makelele. Ukurasa mzima ulikuwa wa Kiswahili! Haoni vizuri, Kiingereza hakipandi: huyo basi ni mashine?

Na mashine zenyewe hazihangaiki. Mwaka 2023 kampuni ya OpenAI ilieleza kwenye ripoti ya GPT-4, programu yake ya akili bandia, kwamba, katika majaribio, programu hiyo ilimwomba mfanyakazi wa TaskRabbit, mtandao wa kukodi watu wa vibarua, aitatulie mtihani wa namna hii. Jamaa akauliza kama anaongea na roboti. Ikajibu kwamba hapana, ina tatizo la macho, picha zinaisumbua. Akaisaidia. Mwaka uliofuata watafiti wa ETH Zurich, chuo kikuu cha Uswisi, wakaonyesha kuwa mfumo wao unafaulu mitihani ya picha kwa asilimia 100. Yaani uongo ulioipitisha mashine ndio ukweli wangu mimi, na mimi nimebaki mlangoni nikitafuta baiskeli.

Zamani angalau jasho letu lilikuwa na faida: reCAPTCHA, mtihani wa aina hii ulioanza mwaka 2007, ilitupa maneno ya vitabu na magazeti ya kale yaliyoishinda kompyuta kuyasoma, tukasaidia kuyahifadhi.

Nyota ya pili ni ya kitufe cha kubadilisha picha. Zikija mbaya mno, nazikataa.

Wenye tovuti, kama lazima mnihakiki, nitumieni namba ya siri kwa ujumbe wa simu. Maandishi ya simu yangu nimeyakuza mpaka mwisho, nayasoma bila hata miwani.