Rangi ya gari inabanduka, makuta ni machache: ununue nini Lubumbashi

Mvua za kwanza za Novemba ndizo zilizonionyesha nilichonunua. Agosti ile nilikuwa nimelipa garaji moja ya kando ya barabara ipulizie upya gari langu la kulala, kampinkari kuukuu lililotoka Ubelgiji, ambalo huwa naendea nalo Kasenga kuchukua samaki. Lilitoka garajini linang'aa kama sahani ya harusi. Desemba ilipofika, ubavu wa kushoto ulikuwa unavuka ngozi kama kiazi kitamu cha kuchemsha, na chini ya ngozi mpya ikaonekana ile ya zamani, nayo inainuka vilevile. Fundi alikuwa amepuliza rangi juu ya rangi iliyokwisha kuachia bati. Na mimi, kwa haki, nilimuuliza bei na aina ya rangi tu. Sikumuuliza atakwangua mpaka wapi.

Ndiyo maana orodha hii ya njia tano za kupaka gari upya haikupangwa kwa mng'ao. Nimeipanga kwa swali moja: kwa makuta yaleyale, ni njia ipi inakubakizia fedha ya kutengeneza kilicho chini ya rangi? Bei sizitaji kwa franka, maana dola ikipanda Jumatatu, galoni inapanda Jumanne. Mwenye Hiace ya teksi naye asome; mwili wa gari lake ni chuma karibu kitupu, kazi yake ni nyepesi kuliko yangu.

Kabla ya kwenda dukani

Chukua sumaku uzunguke gari. Inaponasa ni chuma. Isiponasa, kwangua kidogo mahali palipofichika: paking'aa kama sufuria ni alumini, pakitoa unga mweupe wenye nyuzi ni faiba, yaani plastiki yenye nyuzi za kioo. Magari mengi ya kulala yana vyote vitatu: kabini ya chuma, mbavu za alumini, paa au pua ya faiba. Kila kimoja kinataka rangi yake ya chini, ile ambayo mafundi wetu huita apre, na hapo ndipo wengi hupotea. Rangi ya mafuta ikipakwa moja kwa moja kwenye alumini tupu au bati lenye zinki hushika kwa miezi, kisha hutoka vipande vizima kama ganda la yai.

Kipimo cha pili ni cha wembe. Chora mistari sita ya kwenda na sita ya kukatiza, ipate kuwa vyumba vidogo, bandika skochi (utepe wa gundi) imara, ivute kwa ghafla. Vyumba vikibaki, rangi ya hapo ni nzima: unaikwaruza tu kwa msasa na kupaka juu yake. Vikitoka na skochi, hapo hakuna mjadala, ni kukwangua mpaka chini. Fanya hivyo sehemu nane au kumi. Mimi niligundua kwamba ubavu wa kulia, ule ambao nyumbani unakaa kivulini chini ya mwembe, ulikuwa mzima karibu wote. Ningeukwangua bure.

Cha tatu, pamba yenye diluanti ya garaji, ile dawa ya kuyeyusha rangi. Isugue kwenye rangi ya zamani. Rangi ikiyeyuka na kuchafua pamba, ujue ni ya aina laini, na ukiipulizia kitu chenye diluanti kali itajikunja kama ngozi ya maziwa. Isipoyeyuka, huenda imekaushwa kiwandani au kwa kigumishi, dawa inayochanganywa na rangi ili iwe ngumu, na itavumilia mengi.

Tena uangalie maungio. Kwenye kampinkari, malengelenge ya rangi karibu na dirisha au kona ya paa mara nyingi si ugonjwa wa rangi. Ni maji yaliyoingia nyuma ya alumini, ubao wa ndani unaoza, unyevu unatafuta njia ya kutoka. Bonyeza kwa kidole gumba. Pakibonyea, weka kando fedha ya rangi, ununue kwanza gundi ya maungio ya poliyurethani. Usikubali silikoni ya bafuni hata ukipewa kwa nusu bei. Rangi haishiki juu ya silikoni, na mafuta yake yakishasambaa kwenye bati, rangi mpya itakuwa inajikusanya na kuacha vishimo kama macho ya samaki.

Ya kwanza: rangi ya mafuta ya kopo, kwa rola ya sponji

Najua watu watacheka: gari kupakwa kwa rola kama mlango wa jikoni! Nilicheka pia. Lakini ndiyo niliyoiweka juu, na ndiyo iliyo kwenye gari langu leo.

Sababu ni hesabu. Gari la urefu wa mita 6 kama langu, ukitoa madirisha, lina kama mita za mraba 35 za kupaka. Lita moja ya rangi ya mafuta inafunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, yaani kupaka mara moja. Mikono miwili ni lita 7, yaani galoni mbili za lita 4 na kidogo kinabaki cha viraka. Huhitaji kompresa wala pistole ya kupulizia, na umeme ukikatika saa nne asubuhi, rola haina habari. Rangi haipotei hewani kama ile ya kupuliza, na ikichubuka njiani unarudia palepale mwenyewe.

Kopo liandikwe kwamba ni la chuma na la nje. Ile ya maboti ni bora zaidi kama utaipata, kwa sababu imetengenezwa kuvumilia jua na maji. Chagua nyeupe au rangi ya maziwa. Sisi tuko kama mita 1,200 juu ya bahari, jua letu linachoma, na rangi nyekundu na buluu nzito hupauka upesi. Nyeupe pia haipati joto sana, kwa hiyo bati halitanuki na kusinyaa kupita kiasi kati ya mchana na baridi ya usiku wa Juni. Na nyeupe ni rahisi kuipata ileile mwaka ujao.

Sasa yaliyo chini, ambako ndiko fedha iende. Msasa namba 80 au 120 kwa kukwangua, 240 kwa kulainisha kingo mpaka kidole kisihisi ngazi kati ya rangi nzima na bati, kisha 400 kwa maji kwenye rangi yote iliyobaki. Nunua msasa mwingi kuliko unavyodhani. Uliokwisha makali husugua tu bila kukwangua. Kwenye chuma chenye kutu, brashi ya waya, halafu kigeuza kutu chenye asidi ya fosforiki, halafu antiruye, apre ya kuzuia kutu. Kwenye alumini, apre ya epoksi yenye makopo mawili, au ile apre nyembamba yenye asidi inayong'ata. Faiba inataka ikwaruzwe vizuri, ioshwe mafuta, kisha epoksi. Kama mfuko wako unaruhusu kitu kimoja tu cha bei, kiwe epoksi: inashika vyote vitatu. Ipake kwenye viraka vilivyo wazi tu, si gari zima. Lita moja ilinitosha na ikabaki.

Mastiki ya kuziba vishimo nunua kopo dogo pamoja na kitubu chake cha kigumishi, ukiangalia kwamba kitubu hakijakauka. Usiipake juu ya ile apre yenye asidi, na usiisugue kwa maji, kwa sababu hunywa maji kama mkate.

Kupaka kwenyewe ni habari fupi. Punguza rangi kwa waitispiriti (diluanti ya rangi ya mafuta) kama sehemu moja kwa kumi, paka kipande cha upana wa mkono, pitisha brashi laini bila kukandamiza, endelea. Subiri siku nzima kabla ya mkono wa pili. Kukauka kabisa ni wiki kadhaa, usiioshe kwa sabuni kali wala usiifunike kwa bashe (turubai). Ukisogea karibu utaona kama ganda la chungwa. Kutoka hatua tatu huoni kitu.

Kasoro yake niitaje: baada ya miaka miwili au mitatu ya jua hili, mng'ao unapungua na mkono ukipita unatoka na unga. Inarekebishika kwa msasa mwepesi na mkono mmoja mpya.

Ya pili: garaji, rangi yenye kigumishi

Kwa ubora ingekuwa ya kwanza, wala sibishani. Rangi ya poliyurethani inayochanganywa na kigumishi ni ngumu, haiyeyuki kwa mazuti (dizeli) yakimwagika, na mng'ao wake unadumu miaka mingi. Tatizo ni kwamba kwa gari kubwa inakula fedha mara kadhaa ya ile ya rola, na fundi aliyebanwa bei hupunguza pale usipoona, yaani kwenye kukwangua.

Ukiichagua, fanya hivi: kwangua mwenyewe nyumbani, pamoja na vijana wa parseli, upeleke gari likiwa tupu. Nunua rangi, kigumishi na diluanti vya kampuni moja, makopo yakiwa na muhuri, uyapeleke kwa mkono wako. Makubaliano yawe ya kazi tu. Kiasi cha kigumishi kimeandikwa kwenye kopo, mbili kwa moja au nne kwa moja; simama hapo wakati wa kuchanganya, maana kigumishi ndicho cha bei na ndicho kinachopenda kubaki kwenye chupa.

Usijaribu kuipuliza mwenyewe nyuma ya nyumba. Kigumishi kina kemikali iitwayo isosianati, na mvuke wake huharibu mapafu, unaweza kukuachia pumu ya maisha. Barakoa ya kitambaa au ya karatasi haizuii. Mpulizaji anatakiwa kuvuta hewa safi inayoletwa kwa bomba. Ukiona garaji wanapuliza wakiwa wamejifunga leso puani huku watoto wanacheza karibu, tafuta nyingine.

Ya tatu: makopo ya kupuliza

Kwa kioo cha pembeni, bampa, kiraka cha ukubwa wa sinia: sawa kabisa. Kopo la mililita 400 linafunika kwa heshima kama mita moja ya mraba. Kwa gari zima la mita za mraba 35 piga hesabu mwenyewe, utakuta umenunua makopo ya kujaza toroli kwa bei inayopita galoni zako mbili, na bado mistari inaonekana kila kopo lilipoishia.

Ya nne: stika

Vijana wanaotengeneza mabango mjini wanaweza kufunika ubavu mzima kwa plastiki, na picha ya samaki juu yake ukitaka. Inapendeza. Ila stika hushika rangi, na rangi yako ndiyo inayoachia; zitaanguka pamoja. Juu ya paa ndiyo usithubutu, jua litaikausha na kuipasua. Ninaipenda kwa kazi moja: ukanda wa chini ya milango, juu ya rangi mpya iliyokomaa, uzuie changarawe za barabara.

Ya mwisho: "nitakufanyia leo uchukue kesho"

Hii ndiyo niliyonunua Agosti ile. Rangi nyepesi ya nitro, inakauka kwa dakika, diluanti nyingi, msasa wa kupitisha tu. Bei yake ndogo ni ya mara ya kwanza. Mara ya pili unalipa kukwangua tabaka mbili badala ya moja.

Sokoni

Uwe kwenye soko la Kenya, mtaa wetu wa hapa Lubumbashi, kwenye kenkayeri (maduka ya vifaa vya ujenzi) za katikati ya mji, au umefuata mzigo wa Zambia hapo mpakani Kasumbalesa, mambo ni yaleyale. Tikisa kopo: kukiwa na bonge zito linalogonga chini na halichanganyiki, rudisha. Nunua makopo yote siku moja, yenye namba ileile ya toleo, kwa sababu nyeupe ya leo na nyeupe ya mwezi ujao si ndugu. Diluanti inayouzwa kwenye chupa za maji mara nyingine imetiwa esansi (petroli). Rangi itakauka bila mng'ao, na wewe utakuwa unafanya kazi juu ya moto unaosubiri kiberiti.

Rangi za zamani, hasa njano na nyekundu za miaka mingi, zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Kwangua kwa maji, vaa barakoa nzuri, weka bashe chini, na watoto wakae mbali mpaka umefagia na kuosha. Unga huo usiingie kwenye bustani ya matembele.

Muda nao unanunuliwa. Mwisho wa Aprili na Mei ndio wakati ninaoutaka: mvua zimeosha vumbi, baridi haijaingia. Juni na Julai asubuhi bati lina umande, rangi inalala bila kukauka; anza saa tatu bati likiwa limepata joto, uache saa nane. Septemba na Oktoba kuna upepo na vumbi jekundu, na moshi wa vichaka vinavyochomwa. Nilipaka mlango mmoja Oktoba. Mpaka leo ukiupitisha mkono ni kama msasa namba 240.

Nusu lita iliyobaki niliifunga vizuri, nikaligeuza kopo kichwa chini ili hewa isiingie, ikakaa chini ya kitanda cha gari. Barabara ya Kasenga imekwisha kula robo yake.