Seti za simfonia za Sibelius: nilizosikiliza na ninayoipendekeza

Jean Sibelius, mtunzi wa muziki wa Ufini, aliacha simfonia saba, yaani kazi ndefu za okestra zenye sehemu kadhaa au moja. Ya kwanza ilipigwa mwaka 1899, ya saba mwaka 1924, kisha akaishi miaka mingine zaidi ya 30 bila kuitoa ya nane. Miswada ya hiyo ya nane aliichoma moto nyumbani kwake Ainola katika miaka ya 1940. Zote saba hazizidi sana saa nne, kwa hiyo anayetaka kulinganisha waongozaji wa okestra anaweza kumsikiliza mmoja wikiendi hii na mwingine wikiendi ijayo, masikio yakiwa bado yanakumbuka.

Kila seti, yaani rekodi za simfonia zote saba chini ya mwongozaji mmoja, naipima kwa jambo moja: mwongozaji anavukaje kutoka mwendo wa polepole kwenda wa haraka? Chukua Simfonia ya Tano. Sehemu ya kwanza inaanza kwa utulivu, horni (ala za shaba za kupuliza) zikiitana, na inakwisha kwa mbio kali. Katikati hakuna mlango. Ni kama bahari inavyojaa: umesimama ufukweni, huwezi kusema ni wimbi lipi lililovuka mpaka, ila miguu imeshalowa. Mwongozaji akikanyaga mafuta kwa ghafla hapo, mimi huyo nimemaliza naye, hata okestra yake ingekuwa tamu namna gani.

Osmo Vänskä na okestra ya Lahti (lebo ya BIS, miaka ya 1990) wanavuka vizuri kuliko karibu wote niliowasikia. Lahti ni mji wa kawaida kaskazini ya Helsinki, wala okestra yake haikuwa na jina kubwa duniani kabla ya rekodi hizi. Raha ya pekee ni kwamba Vänskä alipewa ruhusa na familia ya Sibelius kurekodi pia toleo la kwanza la Simfonia ya Tano, lile lililopigwa tarehe 8 Desemba 1915, siku mtunzi alipotimiza miaka 50. Tafadhali lisikilize. Toleo hilo lina sehemu nne, na zile mbili za mwanzo zimetengana kabisa. Mwishoni, pale ambapo leo tunasikia mapigo sita makubwa yenye ukimya katikati, nyuzi (fidla na jamaa zake) zinaendelea kutetemeka na kuziba mapengo yote. Sibelius alilifanyia kazi toleo hilo hadi 1919, akaziunga sehemu mbili kuwa moja na kuziondoa nyuzi kwenye ule ukimya. Kusikia matoleo haya mawili mfululizo kulinifundisha zaidi kuliko maelezo yoyote niliyowahi kusoma kuhusu muziki huu.

Jambo la kuzingatia: kwa Vänskä sauti ya chini ni ya chini kweli. Ndani ya basi hutasikia kitu, na ukiongeza sauti, tarumbeta zikiingia zitakuumiza. Hii ni seti ya usiku, nyumba ikiwa imelala, ukiwa na hedifoni nzuri.

Seti ninayoipendekeza kwa anayenunua moja tu ni ya Paavo Berglund na Chamber Orchestra of Europe, nayo ya miaka ya 1990. Berglund, aliyeshika fimbo ya kuongozea kwa mkono wa kushoto, alikuwa tayari amerekodi simfonia zote saba mara mbili, na okestra za Bournemouth (Uingereza) na Helsinki. Isitoshe, ndiye aliyezipekua noti za Simfonia ya Saba na kuyasahihisha makosa mengi yaliyokuwa yamechapishwa. Safari ya tatu akachagua okestra ndogo. Wapiga nyuzi wakiwa wachache, filimbi, klarineti na basuni hazimezwi tena. Unasikia nani anamjibu nani. Simfonia ya Sita, ambayo watu wengi huiruka, hapa ndipo nilipoipenda. Ya Nne pia: Sibelius aliiandika baada ya kufanyiwa upasuaji wa uvimbe kooni, na Berglund haipambi. Inakwisha kwa sauti ya wastani, bila machozi wala kishindo, kama ilivyoandikwa.

Kinachokosekana kwa Berglund ni unene. Simfonia ya Pili inataka nyuzi nzito, na hapo namrudia Colin Davis na okestra ya Boston (Philips, miaka ya 1970). Davis hana haraka. Simfonia ya Saba, ambayo ni sehemu moja tu ya dakika 20 na ushei, kwake inapanda taratibu hadi tromboni (ala kubwa ya shaba) inapotokea na ule wimbo wake mpana, na kila inaporudi inakuta okestra imebadilika chini yake. Davis aliirudia kazi hii yote baadaye akiwa London, lakini mimi nabaki na Boston.

Lorin Maazel na Vienna Philharmonic (Decca, miaka ya 1960) ni moto mtupu. Simfonia ya Kwanza yao sijaisikia ikizidiwa. Ya Tano, hata hivyo, wanaikimbiza.

Klaus Mäkelä alizaliwa 1996, na seti yake na Oslo Philharmonic ilitoka 2022. Sauti iliyorekodiwa ni safi sana, na kuna ziada ya vipande vitatu vifupi vya miaka ya mwisho ya mtunzi. Napenda anavyoziacha nyuzi zipumue. Katika Simfonia ya Tatu, lakini, anakaa mno kwenye uzuri wa kila dakika, na mwendo unalegea.

Angalia vizuri kabla ya kulipa: mwongozaji Herbert von Karajan hakuwahi kurekodi Simfonia ya Tatu, kwa hiyo sanduku lenye jina lake pekee haliwezi kuwa na saba. Rekodi za mwongozaji Leonard Bernstein na Vienna nazo ni nne tu. Seti yake kamili ni ile ya New York ya miaka ya 1960.

Robert Kajanus, mwongozaji na rafiki wa Sibelius, alirekodi ya Kwanza, ya Pili, ya Tatu na ya Tano kati ya 1930 na 1932, akafariki 1933. Sauti inakwaruza, lakini sikiliza anavyovuka kwenye ya Tano, kisha urudi kwa Vänskä.