Gololi za 0.451 au 0.454 kwa bastola ya baruti nyeusi: uzoefu wangu

Bastola ninayoizungumzia ni nakala ya Colt, bastola ya Kimarekani ya mwaka 1860, ya kaliba (upana wa mtutu kwa inchi) 0.44, ambayo ninaitumia kulenga shabaha katika klabu iliyo karibu na Brescia, Italia, ninakofanyia kazi. Yenyewe imebaki huko ilikosajiliwa. Mimi niko nyumbani Tanga kwa likizo, na ninaandika kwa ajili ya ndugu zetu walioko Ulaya wanaoniuliza wanunue gololi za ukubwa gani. Kwa bastola kama yangu, jibu langu ni kipenyo cha inchi 0.454.

Silaha hii haina ganda la risasi. Kila chemba (tundu) ya silinda inayozunguka humiminiwa baruti kwa mbele, kisha gololi ya madini ya risasi huwekwa mdomoni mwa chemba na kushindiliwa kwa wenzo ulio chini ya mtutu. Gololi inatakiwa kuwa nene kidogo kuliko chemba, ili ukingo wa chemba uikwangue na kuacha pete nyembamba ya risasi. Ichunguzeni pete hiyo kila mnaposhindilia. Ikitoka nzima, gololi imeziba pande zote. Ikitoka nusu mwezi, kuna upande uliobaki wazi.

Chemba zangu, nikizipima kwa kalipa (kifaa cha kupimia vipenyo), zina kipenyo cha inchi 0.448 hivi. Duka liliniuzia 0.451, na pete zake zilikuwa nyembamba kama unywele, nyingine hazikukamilika. Shabaha hazikuwa mbaya, lakini kila nilipofyatua, mtikisiko ulizisogeza mbele gololi za chemba zilizosubiri zamu. Gololi ikichomoza, silinda hukwama. Jambo la hatari zaidi ni moto kupenya pembeni mwa gololi iliyolegea na kuwasha baruti ya chemba jirani isiyokabiliana na mtutu. Wapo wanaoamini kwamba grisi inayopakwa mdomoni mwa chemba inatosha kuzuia hayo. Mimi siafiki, kwa kuwa joto huiyeyusha, na kazi yake kubwa ni kulainisha masizi. Fataki, yaani vikofia vya kuwashia baruti vinavyovishwa nyuma ya silinda, nazo lazima zikae barabara, kwani moto unaweza kuingilia hata nyuma.

Nilipohamia 0.454, wenzo ulidai nguvu zaidi, ila pete zilitoka kamili katika chemba zote na gololi hazikusogea tena. Isitoshe, gololi iliyokwanguliwa zaidi hupata mkanda bapa mpana kiunoni, hivyo mifereji ya ndani ya mtutu huikamata vizuri, na matundu kwenye karatasi ya shabaha yakaanza kukaribiana. Nilimwonyesha pete hizo fundi mmoja wa gereji hapa Ngamiani, naye akaelewa papo hapo: bushi isiyoingia kwa kubanwa haikai.

Msipande hadi 0.457 bila sababu. Ukubwa huo ni wa Ruger Old Army, bastola nyingine ya baruti nyeusi, na katika nakala za Colt unaumiza bure wenzo na skrubu yake. Nunueni gololi za risasi laini tupu. Ile ya vizani vya magurudumu imechanganywa na madini mengine, ni ngumu na haikwanguki kwa urahisi. Wenye bastola za kaliba 0.36 waanze na 0.375, na pete isipotokea nzima, wachukue 0.380.