Catalyst 9400 yenye supavaiza mbili: inahama vizuri, ila OSPF iandaliwe

Cisco hutoa Catalyst 9400, swichi kubwa ya mtandao, katika chesisi (fremu za kuchomekea bodi) tatu, 9404R, 9407R na 9410R, na zote zina nafasi mbili za supavaiza, ile bodi inayoendesha swichi nzima. Kwenye 9407R ni nafasi ya 3 na ya 4. Chomeka ya pili ya modeli ileile, yenye leseni ya ngazi ileile, nayo SSO, hali ambayo bodi ya pili hukaa tayari kuchukua kazi ya kwanza papo hapo, inaanza bila kuamriwa. Modeli mbili tofauti hazichanganywi.

Bei ya bodi ya pili inajilipa hapa: bodi ya akiba hupokea muda wote mipangilio, hali ya poti na jedwali la MAC (orodha ya anwani za vifaa na poti zao). Inapochukua zamu, kadi za laini, zile zenye poti za watumiaji, haziwashwi upya, na simu zinazopata umeme kupitia kebo ya mtandao hazizimiki. Chini ya RPR, hali ya zamani, kadi zote huanza upya na ghorofa nzima husubiri.

Kabla ya kujaribu kuhamisha kazi, andika amri show redundancy states. Mstari wa peer state usomeke 8 -STANDBY HOT. Ukisomeka COLD, acha, ulinganishe kwanza toleo la programu na leseni. Kisha write memory ya kuhifadhi mipangilio, halafu redundancy force-switchover ya kuhamisha kazi. Bodi iliyokuwa kazini hujiwasha upya na kubaki akiba. Haidai kiti chake.

Wengi huanguka kwenye OSPF, itifaki ambayo vifaa jirani vya mtandao hupashana njia. Isipowekewa nsf, mpangilio wa kuendelea kusafirisha data wakati wa kuhama, ujirani huvunjika na njia hufutwa, huku taa za poti zote zikiwa kijani kabisa. Jirani naye lazima aielewe. Aliyebana vipima muda vya hello (ujumbe wa kusema "nipo hai") kupita kiasi amejichongea: jirani humhesabu mfu kabla bodi ya pili haijashika kazi.

Poti ya usimamizi, GigabitEthernet0/0, iko kwenye kila bodi, na ya akiba hulala mpaka zamu yake ifike. Weka kebo mbili, la sivyo swichi itahama nawe utabaki nje. Kwa C9400-SUP-1, poti za juu (uplink, za kwenda kwenye mtandao mwingine) nazo hugawanywa nusu kwa nusu, basi port-channel, kundi la poti zinazofanya kazi kama moja, ishike bodi zote mbili.

Mdudu wa programu huzipiga bodi zote, maana toleo ni moja. Kwa ghorofa inayotegemea chesisi moja, nunua. Kwa kiini cha mtandao, ningechukua chesisi mbili zenye bodi mojamoja.