Florey au Cripps: bweni lipi la kisasa ni bora?

Kwa mwanga, Jengo la Florey la Queen's College, Oxford, halina mpinzani. Msanifu majengo James Stirling alilivika vigae vyekundu nje, na upande wa uani vioo vitupu, lilikamilika 1971. Vioo hivyo hivyo huingiza joto kali kiangazi na baridi majira ya baridi, na kuvitunza ni mzigo.

Jengo la Cripps la chuo cha St John's, Cambridge, la wasanifu Powell na Moya (1967), ni la mawe meupe ya Portland, likijipinda kando ya kijito. Kwa uimara nalipa Cripps bila kusita. Kwa faragha pia: vyumba vya Florey vinatazamana.

Anayetaka utulivu, Cripps. Mchoraji anayetamani kuuona mto Cherwell, ulio kando ya jengo, akiwa mezani, Florey.