Chumba kizuri, lakini mlangoni pa boti niligeuzwa mzigo

Haki ya mtu nimpe kwanza. Chumba cha meli hii ya kitalii kilikuwa kizuri kweli: mlango mpana, bafu halina kizingiti. Kijana wa usafi aliniona siku ya kwanza nikigonga goti kwenye meza nikigeuza kiti changu cha magurudumu, na kesho yake nikakuta ameisogeza bila kuombwa. Mungu ambariki.

Sasa tuje Santorini, kisiwa cha Ugiriki. Meli kubwa hazifungi gati pale, zinatia nanga nje na abiria wanashushwa kwa boti ndogo. Nilipokata tiketi nilitaja kiti changu cha betri na uzito wake, nikajaza fomu yao yote, nikajibiwa karibu sana. Neno boti hakulitaja mtu. Asubuhi ile niko kwenye foleni, kofia kichwani, akaja ofisa mmoja. Akanipita, akamwuliza mume wangu: "Huyu anaweza kushuka ngazi mbili tatu?" Huyu! Nikajibu mimi mwenyewe. Macho yake bado kwa mume wangu. Akauliza tena, vilevile, kisha akashika kiti changu kwa nyuma akakivuta pembeni ili watu wapite. Hakuniomba hata samahani.

Usalama sibishani nao. Boti inapanda na kushuka na mawimbi, na kiti cha betri si cha kubebwa na mtu mmoja. Hata ningefika nchi kavu, kutoka bandari ile ya zamani hadi mjini juu ni ngazi zaidi ya 500, au punda, au gari la kuning'inia kwenye waya. Pengine ningeamua mwenyewe kubaki melini. Lakini haya yote waliyajua kabla sijalipa! Na tulipandia Ulaya, ambako kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1177 ya mwaka 2010 inataka abiria mlemavu asaidiwe akitoa taarifa angalau saa 48 kabla. Mimi nilitoa miezi kabla.

Mume wangu alikataa kushuka peke yake. Tulikaa sitahani tukiangalia boti zikienda na kurudi. Jioni wakatuletea sahani ya matunda na kadi ya pole. Nikaifungua. Imeandikwa jina la mume wangu tu.

Nilipoanza kuandika hapa nilikusudia nyota tatu, kwa ajili ya chumba na yule kijana. Nikiikumbuka ile kadi, natoa moja.